Gari la turbo baada ya kubadilisha njia ya hewa: dalili, vyanzo na namna ya kupima

Mtu anapoondoa boksi la chujio la hewa lililotoka kiwandani, akafunga chujio la koni lililo wazi pamoja na paipu pana ya aluminiamu aliyoinunua Gerezani, Dar es Salaam, mara nyingi gari lake la turbo, yaani lenye feni inayosukuma hewa kwa presha ndani ya injini, huondoka gereji likilia vizuri na yeye akiwa na furaha. Matatizo hujitokeza siku chache baadaye: sailensa (mizunguko ya injini dereva asipokanyaga mafuta) inapanda na kushuka, taa ya injini inawaka, moshi mweusi unatoka gari linapopanda kuelekea Kimara, au nguvu zinapotea mchana kwenye foleni na kurudi usiku barabara ikiwa nyeupe. Hapo ndipo fedha huanza kuteketea, kwa sababu fundi asiyepima hubadilisha plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, na mwisho humwambia mwenye gari kwamba turbo imekufa. Turbo nyingi zinazohukumiwa hivyo ni nzima kabisa.

Kabla ya kugusa chochote, ni lazima kufahamu kwamba njia ya hewa ina sehemu nne, na kwamba tundu lilelile huleta dalili tofauti kulingana na sehemu lilipo. Sehemu ya kwanza huanzia mdomo wa kuingizia hewa hadi kwenye sensa ya hewa, ambayo hupima uzito wa hewa inayopita ili kompyuta ya gari ijue kiasi cha mafuta ya kumwaga. Sehemu ya pili ni kati ya sensa hiyo na mdomo wa turbo, na hapo hewa hufyonzwa wakati wote injini inapozunguka. Sehemu ya tatu huanzia turbo, ikapita kwenye intakula, yaani kipozeo cha hewa, hadi kwenye throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na mguu wa mafuta, na humo hewa husukumwa kwa presha gari linapobeba mzigo. Sehemu ya nne iko baada ya throto. Humo kuna mfyonzo injini ikiwa kwenye sailensa, na kuna presha dereva anapokanyaga mafuta.

Tundu likiwa sehemu ya pili, hewa ambayo sensa haikuiona huingia ndani, na mafuta yanakuwa haba. Likiwa sehemu ya tatu, hewa ambayo sensa imekwisha kuihesabu huvuja nje gari linapovuta, na mafuta yanakuwa mengi kupita kiasi. Likiwa sehemu ya nne, mafuta huwa haba kwenye sailensa, na huwa mengi turbo inaposukuma. Yote yaliyomo katika mwongozo huu yanarudi kwenye tofauti hiyo. Hata hivyo, yapo magari yasiyo na sensa ya hewa, ambayo kompyuta yake hutegemea sensa ya presha iliyo kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Katika magari hayo tundu halivurugi mafuta kwa namna hiyo, bali hupandisha sailensa au huiba presha tu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia ni kama kuna sensa yenye waya iliyochomekwa kwenye paipu karibu na chujio.

Sailensa haitulii, au injini inazima dereva anapoachia mafuta

Hili ndilo lalamiko ninaloletewa mara nyingi kuliko yote, na ndilo lililonifundisha kazi. Miaka iliyopita nilikuwa na Subaru Forester yenye injini ya EJ20 ya turbo, nikaipeleka gereji moja kufungiwa paipu mpya ya kuingizia hewa. Iliporudi, mshale wa mizunguko ulikuwa ukicheza kati ya 500 na 1,100 kila niliposimama kwenye taa, na mara mbili injini ilizima katikati ya makutano ya Mwenge. Nilibadilishiwa plagi nne na pampu ya mafuta bila mabadiliko yoyote. Mwishowe niliingia chini mwenyewe na tochi, nikaona kwamba paipu mpya ilikuwa na mdomo mdogo wa mpira wa brida, yaani mpira unaorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa, na kwamba mpira wenyewe ulikuwa umechomekwa bila klipu na ulikwishachomoka nusu. Tundu lenye upana wa kidole lilikuwa likifyonza hewa isiyopimwa kila sekunde. Klipu moja ndogo ilimaliza jambo lililokuwa limenigharimu mshahara wa wiki mbili.

Kwa hiyo anza na mpira wa brida. Baadhi ya paipu zinazouzwa hazina mdomo wa kuupokea, na mafundi hufanya moja kati ya mambo mawili mabaya: huuziba, au huuacha ukining'inia. Ukizibwa, mvuke wa injini unakosa pa kutokea, presha hujijenga ndani, na baada ya muda oili huanza kuvuja kwenye sili. Kwa paipu yenye mdomo huo, mpira ukiachwa ukining'inia na mdomo ukabaki wazi, ndipo sailensa inapoyumba. Mpira wa brida unapaswa kurudi kwenye paipu baada ya sensa na kabla ya turbo, ukiwa umekazwa kwa klipu.

Katika injini za Subaru za EJ kuna jambo jingine la kuzingatia. Paipu inayoingia kwenye turbo hupita chini ya manifoldi ya hewa, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi, na ile ya kiwandani ikizeeka hukauka kwa joto na kupasuka fundi anapoivuta. Ufa huo hauonekani kutoka juu. Fundi akikuambia kwamba amekagua mipira yote na haoni kitu, muulize kama amepaona hapo kwa kioo na tochi.

Ikiwa hakuna tundu, angalia mahali sensa ilipokaa. Sensa ya hewa inahitaji kipande cha paipu kilichonyooka mbele yake ili hewa ipite ikiwa imetulia. Ikifungwa mara baada ya kona, hewa hupita ikizunguka na kipimo huruka. Angalia pia mshale uliochorwa kwenye sensa, kwani unapaswa kuelekea upande wa injini, na nimewahi kukuta umegeuzwa.

Dalili inayofanana na hii, lakini yenye chanzo tofauti, ni ile ya injini kuzima au kutoa mlipuko kwenye ekzosi pale tu dereva anapoachia mafuta ghafla baada ya kuvuta. Hapo mtuhumiwa ni valvu ya kuachia presha inayotoa hewa nje kwa mlio ule ambao vijana wanaupenda. Hewa inayotolewa na valvu hiyo imekwisha kuhesabiwa na sensa, kwa hiyo kompyuta humwaga mafuta ya hewa ambayo haipo tena. Gari lenye sensa ya hewa linataka hewa hiyo irudishwe kwenye paipu kabla ya turbo, kama lilivyotengenezwa. Ninaelewa kwamba mlio ni sehemu ya raha ya gari, lakini sijaona njia ya kuiacha valvu hiyo wazi bila kupanga upya kompyuta.

Taa ya injini inawaka

Namba za hitilafu zinazojitokeza zaidi baada ya kazi hii ni P0171, inayosema mchanganyiko una mafuta haba, P0172, inayosema mafuta ni mengi, na P0101, inayosema kipimo cha sensa ya hewa hakiendani na hali ya injini. Namba hizo hazisemi kifaa gani kimekufa. Kilicho muhimu zaidi ni asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza kwenye hesabu yake, ambayo mashine nyingi za kupimia, zile zinazosoma namba hizo, huionyesha mubashara. Ikiwa kati ya kutoa 10 na kuongeza 10, kompyuta bado inamudu. Ikipita kuongeza 10, kuna hewa inayoingia bila kupimwa au sensa inasoma pungufu.

Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kupima kwanza kwenye sailensa, kisha kwenye mizunguko 2,500 gari likiwa limesimama. Marekebisho yakiwa makubwa kwenye sailensa, kwa mfano kuongeza 20, na yakashuka karibu na sifuri mizunguko inapopanda, kuna tundu, kwa sababu hewa ya tundu ni sehemu kubwa ya hewa kidogo na ni sehemu ndogo ya hewa nyingi. Yakibaki makubwa katika hali zote mbili, au yakiongezeka, usitafute tundu tena. Tazama sensa na upana wa paipu.

Upana wa paipu ni jambo ambalo wauzaji hawalielezi. Sensa hupima mwendo wa hewa mahali ilipo, na kompyuta huuzidisha kwa upana inaoujua. Ikiwa sensa ilikuwa kwenye nyumba yenye kipenyo cha milimita 65 na umeihamishia kwenye paipu ya milimita 76, eneo limeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, na hewa ileile inapita polepole zaidi, kiasi kwamba kompyuta itadhani hewa imepungua kwa robo na kitu. Mafuta yatapungua kwa kiasi hichohicho. Kwenye mwendo wa taratibu sensa ya oksijeni husaidia kusahihisha, lakini dereva anapokanyaga mafuta yote, magari mengi huacha kuisikiliza na hufuata hesabu iliyoandikwa tu. Wakati huo injini ya turbo inataka mafuta mengi, takriban sehemu 11 hadi 12 za hewa kwa moja ya mafuta, ili ijipoze. Nawe umeipa haba. Njia salama ni kuhamisha sensa pamoja na nyumba yake ya asili, au kununua paipu ambayo kipande cha sensa kina kipenyo kilekile cha kiwandani, hata kama sehemu nyingine ni pana.

Ikiwa chujio lako ni la pamba linalopakwa oili, na lilipakwa kwa wingi, ukungu wa oili hutua kwenye waya mwembamba wa sensa na kuufanya usome vibaya. Safisha kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa mahususi kwa sensa za hewa, injini ikiwa imezimwa, na uiache ikauke yenyewe. Dawa ya kusafishia kabureta haifai, na waya haupaswi kuguswa kwa kidole wala kwa kitambaa.

Moshi mweusi na nguvu hafifu gari linapovuta

Gari likiwa tulivu kwenye sailensa lakini likatoa moshi mweusi na kukosa nguvu linapopanda, mara nyingi likiambatana na mvumo wa hewa chini ya boneti, tundu liko baada ya turbo. Katika magari mapya namba P0299, yaani presha ya turbo iko chini, inaweza kuwaka. Tatizo hili lisiachwe, kwa sababu turbo hujitahidi kufidia hewa inayopotea na huzunguka kwa kasi kuliko inavyopaswa, nayo katika hali ya kawaida huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Huhitaji mashine ya gharama kupima. Nenda duka la vifaa vya mabomba ununue kifuniko cha plastiki kinachoenea kwenye mdomo wa paipu inayoingia kwenye turbo, toboa katikati, na umwombe fundi wa pancha akufungie valvu ya tairi yenye nati na mipira pande zote mbili. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa paipu baada ya sensa ili sensa yenyewe isipate presha, funga kifuniko hicho kwa klipu, ziba mpira wa brida ili presha isiingie kwenye injini na kusukuma sili, kisha jaza hewa polepole kwa kompresa. Anza na psi 5 (kipimo kinachotumika pia kwa presha ya tairi) na usizidi 10, na usisimame mbele ya kifuniko, kwani kikichomoka huruka kwa nguvu. Kutasikika mvumo mdogo wa hewa inayopita kwenye valvu za injini zilizo wazi, na huo ni wa kawaida. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo: mapovu yatakapochemka ndipo palipo na tundu.

Nilivyoona mara nyingi, mapovu hutokea sehemu mbili. Ya kwanza ni kwenye viungo vya silikoni vilivyofungwa kwa klipu nyembamba za kawaida, zile za skrubu, ambazo hukata silikoni laini kidogo kidogo. Klipu za bolti zenye ukanda mpana hushika vizuri zaidi. Ya pili ni kwenye paipu ya aluminiamu isiyo na ukingo ulioinuka mwishoni, ambayo mpira huteleza juu yake, hasa ikiwa fundi aliipaka grisi ili iingie kwa urahisi. Futa oili yote kwenye kiungo kabla ya kukaza. Fahamu pia kwamba silikoni ya kawaida hulainika kwa oili inayotoka kwenye brida, kwa hiyo mpira unaopitisha mvuke huo unapaswa kuwa na tabaka la ndani linalostahimili oili.

Nguvu zinapotea kwenye joto na foleni

Ukitoka Posta saa kumi na moja jioni na ukafika Ubungo baada ya saa nzima ya kusimama na kusogea, chujio la koni lililo wazi chini ya boneti limekuwa likivuta hewa ya rejeta na ya turbo yenyewe. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 32, ile ya chini ya boneti inaweza kupita 60. Kila nyuzi 10 za ongezeko hupunguza uzito wa hewa kwa takriban asilimia 3, kwa hiyo tofauti hiyo peke yake imekwisha kukunyang'anya karibu asilimia 9 kabla kompyuta haijachelewesha mwako ili kuilinda injini. Watu hununua chujio ili wapate nguvu, na katika jiji hili huzipata usiku tu.

Hakikisha kwa mashine ya kupimia: soma joto la hewa inayoingia asubuhi gari likitembea, kisha lisome tena baada ya nusu saa ya foleni, ukijua kwamba sensa ikiwa baada ya intakula joto la turbo pia limo katika kipimo hicho. Joto likipanda sana na likachelewa kushuka gari linapoanza kutembea, tengeneza boksi la bati linalolifunika chujio pande zote, lenye mpira wa kuzuia hewa unaogusa boneti, na uliwekee mdomo wa kuvutia hewa kutoka mbele ya gari. Maoni yangu, nayasema bila kusita, ni kwamba gari ambalo presha yake ya turbo haijaongezwa halina shida na boksi la kiwandani. Chujio jipya la karatasi lenye ubora ndani ya boksi hilo linaishinda koni iliyo wazi katika hali ya hewa na vumbi la hapa.

Nguvu zinakatika kwenye mizunguko ya juu tu

Gari likivuta vizuri hadi mizunguko 4,500 au 5,000 kisha likashikwa kama mtu aliyezibwa pua, na kupima presha hakuonyeshi tundu, shuku mpira laini kabla ya turbo. Mfyonzo mkubwa huukunja kwa ndani, na ukisimamisha gari unakuwa umerudi katika umbo lake. Minya mpira huo kwa mkono injini ikiwa ya moto: ukikubali kubonyea kwa urahisi, ubadilishe kwa mpira wenye waya ndani. Chujio lililojaa vumbi huleta dalili hiyohiyo.

Injini inagonga

Ukisikia mlio wa changarawe kwenye kopo wakati wa kuvuta, ondoa mguu kwenye mafuta na usivute tena mpaka chanzo kijulikane. Mafuta haba na hewa ya moto, ambavyo vimeelezwa hapo juu, ndivyo vyanzo viwili vya karibu. Katika injini za Subaru za EJ kugonga huko huvunja kuta za pistoni zinazoshikilia ringi, na baada ya hapo hakuna njia nyingine isipokuwa kufungua injini.

Filimbi, na oili ndani ya paipu

Filimbi laini inayopanda pamoja na mizunguko ni sauti ya turbo ambayo boksi la zamani lilikuwa likiificha. Utando mwembamba wa oili ndani ya paipu pia ni wa kawaida, na hutoka kwenye brida. Oili ikikusanyika kiasi cha kumiminika, au gari likitoa moshi wa buluu, toa paipu na ushike nati ya shafti ya turbo: kucheza kidogo sana kwa pembeni kunakubalika, lakini kucheza mbele na nyuma, au gurudumu la ndani ya turbo kugusa ukuta wake, hakukubaliki.

Wakati paipu iko nje, pitisha kitambaa cheupe ndani yake baada ya chujio. Kikitoka na vumbi jekundu, chujio halikukaa sawa au limepasuka, na vumbi hilo linakula ncha za gurudumu la turbo na kuta za silinda. Wanaoishi kwenye barabara za vumbi za Goba au Chanika wafanye hivyo kila mwezi.

Gari limezima kwenye maji

Baadhi ya seti hushusha chujio hadi nyuma ya bampa ili lipate hewa baridi. Kuanzia Machi hadi Mei, maji yanapojaa Jangwani na kwenye mitaa isiyo na mitaro, chujio lililo sentimita 30 kutoka ardhini hufyonza maji badala ya hewa. Maji hayabanwi ndani ya silinda, kwa hiyo kinachopinda ni konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki. Gari likizima ndani ya maji, usijaribu kuliwasha hata mara moja. Lisukumwe nje, chomoa waya hasi wa betri, fungua chujio na uangalie kama limelowa. Likiwa limelowa, toa plagi zote, zungusha injini kwa mkono kwa kutumia bolti ya mbele ya kranki hadi maji yaishe kutoka kwenye matundu ya plagi, kisha chomoa kijiti cha oili: ikiwa oili imekuwa kama maziwa ya chai, imwagwe na kubadilishwa pamoja na chujio lake kabla ya injini kuwashwa.